Popi na Ukurasa wa Mwisho

Mbwa Popi hakuogopa fisi wala chui, aliogopa kitabu. Kila jioni Atupele, binti wa bwana wake, alimsomea hadithi ya mbwa shujaa, huku paka mchokozi akimnong'oneza, "Vitabuni mbwa mwema hufa ukurasa wa mwisho."

"Na huyu ni mwema?"

"Kupindukia, maskini!"

Kurasa zikapungua, Popi akazidi kutetemeka. Ulipobaki mmoja, akakwapua kitabu, akaenda kukifukia kama mfupa. Atupele akamfuata, akakifukua, akakipangusa udongo. Popi akafumba macho, mkia kaufyata.

Lakini binti akamkumbatia, naye akitetemeka. "Popi wangu, hata mimi naogopa ukurasa huo."

Wakakifukia tena, wote wawili, na safari hii shimo likawa refu zaidi.