Tangazo la Tatu

Mwaka juzi, hapa hapa kanisani Amu, ndoa yao ilipotangazwa mara ya tatu, mchumba wa Mueni alisimama akaipinga mwenyewe. Sasa amerudi, ametubu, na Mueni amemsamehe; leo ndoa yao inatangazwa tena mara ya tatu.

"Mwenye pingamizi aseme," mchungaji akasema.

Kanisa zima likamgeukia bwana harusi. Mueni akalikodolea macho goti la mchumba wake, ndani ya suruali iliyopigwa pasi vizuri. Halikuinuka.

"Pumua, mwanangu, leo haendi popote," mama mmoja akamnong'oneza Mueni kutoka nyuma, akicheka.

Mchungaji alianza kuikunja karatasi, akasita. Mueni alikuwa wima.

"Nimekusamehe, Mungu anajua," akamwambia mchumba wake. "Lakini ibada nzima nimelilinda goti lako lisiinuke. Hebu nitegulie kitendawili hiki: nitalilinda hadi lini?"