Winga wa Kushoto

Tangu kesi za urithi zianze kuamuliwa kwa raga ya kwenye skrini, Lihanda alifanya mazoezi dhidi ya mashine mpaka vidole vikafa ganzi. Lakini mashine haina mazoea, binadamu anayo. Na mazoea ya mdogo wake, Muhati, aliyajua vizuri: akibanwa, humpasia winga wa kushoto, mchezaji aliyempa jina na sura ya marehemu baba yao.

Basi katika mechi yao ya kugombea nyumba ya baba, dakika za mwisho Lihanda akambana makusudi, huku mkabaji wake mmoja akivizia upande huo. Muhati akarusha mpira kushoto. Lihanda akaudaka juu kwa juu, akakimbia peke yake hadi akafunga trai ya ushindi. Nyumba ya baba ikawa yake.

Mkewe Muhati akaingia jikoni kufungasha masufuria. Muhati akatoa mkono.

“Umeshinda kihalali, kaka.”

Lihanda akamgeukia mama yao, akitaraji walau pongezi.

“Ulijua atampasia baba yenu,” mama akasema.

Lihanda akainama kutafuta rimoti, uso ukimwaka kwa aibu. Pale kwenye skrini, yule winga alikuwa bado amenyoosha mikono, akingoja mpira.