Kilio cha Sebuleni

Kila kaya hutoa kijana mmoja kwenye shindano la Makomando. Anayefika mwisho huwa mali ya jeshi na harudi kwao tena. Anayevua kitambaa chake cha namba huachiliwa, na kaya yake haiguswi tena.

Siku hiyo kinamama wa mtaa tulijaa kwa Mama Zaituni, tukimtazama binti yake kwenye runinga. Zaituni alikuwa ananing'inia kwenye ukuta wa mwisho, tope hadi masikioni, mkufunzi akimtukana kutoka chini.

"Huyu hatashindwa," mama yake alinong'ona. "Hata kunyonya aliacha siku aliyotaka yeye."

Mara Zaituni akateremka taratibu, akavua kitambaa, akamkabidhi mkufunzi. "Nimechoka, afande. Naenda kwetu." Wala hakuwa akihema.

Mama Zaituni akafungua kinywa apige vigelegele. Wifi yake akamziba kwa kanga. "Wifi, utatuponza! Kamera inatutazama. Lia!"

Tukalia, maana sebule za walioshindwa huonyeshwa nchi nzima, na kufurahi ni kosa. Tulilia kama tuko matangani, mabega yakitutikisika kwa kicheko. Mama Zaituni akagaragara sakafuni, huku akiniuliza chini ya kanga kama nyama ya pilau itatosha.

Taa ya kamera ilipozimika tukanyamaza, tukajifuta machozi. Bi Mwanakheri, jirani, aliendelea kulia.

"Basi, shoga, inatosha," nikamwambia. "Hawatuoni tena."

Kwenye runinga, mwanawe alikuwa amesimama juu ya ukuta, akipigiwa makofi.