Gari Juu ya Mawe

Gurudumu lilikataa kuingia. Jelle alilisukuma kwa goti, akaligeuza, akalisukuma tena. Breki alizozitoa kwenye Prado zilikuwa kubwa mno. Ringi ya Probox yake haikuzimeza.

Za zamani hazingerudi, vishikizo vyake alikuwa ameshavikata kwa grenda. Ndizo zilizochelewa kushika mbele ya ngamia aliyekatiza barabara, na siku hiyo mkewe, mimba ikiwa changa, aliapa: "Wallahi, sipandi tena hili gari mpaka litiwe breki za maana."

Simu ikalia. Mama mkwe, kutoka Hadado, alikokwenda mkewe kujifungulia.

"Uchungu umeanza na damu haikomi. Leta gari, mwanangu. Amekubali kupanda."

Jelle aliingia garini, likiwa bado juu ya mawe bila magurudumu, akakanyaga breki kwa nguvu zake zote.

Zikashika.