Kiti cha Pembeni

Watu wengine wakienda kununua gari lililotumika, husikiliza injini kwanza. Masumbuko alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, kwa hiyo aliangalia viti.

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, jekundu, la milango miwili, aina aliyoitamani tangu ujana. Lilikuwa limeshatembea kilomita laki tatu na ushei. Kiti cha dereva kilikuwa kimechakaa mpaka sponji linachungulia. Cha pembeni kilikuwa bado na nailoni ya kiwandani.

"Mzee, hapa hajawahi kukaa mtu?"

"Nilikuwa namtunzia mke wangu," alisema mzee Kibwana, mwenye gari. "Nilitaka siku tukisafiri akikute kipya."

"Mkasafiri?"

Mzee alipangusa boneti lisilo na vumbi.

Masumbuko akageuka kumtazama mkewe, aliyebaki getini amenuna. Njia nzima alikuwa akisema kwamba gari la viti viwili ni la mtu asiye na watoto. Masumbuko akachomoa wembe wake wa kazi, akaichana nailoni kutoka juu hadi chini.

"Wee! Hujalinunua bado!" mzee alimaka.

"Mama Tausi, njoo ukae."

Alikuja taratibu. Alipoona kiti kinavyong'aa, akainama kuvua viatu.

"Usivue," alisema Masumbuko. "Panda navyo."

Mama Tausi akabaki mlangoni, kiatu kimoja mkononi, akimtazama mzee aliyekuwa akiikunja ile nailoni pembe kwa pembe, kama mtu anayekunja kanga.