Simsim Kaoga Tena

Mbwa alikuwa bado anadondosha maji Fawwaz alipochungulia dirishani akawaona wazee wa mtaa wanapanda ngazi, wote na majoho yao ya sikukuu, nyuso zimekazwa.

"Nilikwambia," akasema mkewe, Ibtihal. "Abu Lutfi kawaleta. Ni huyu mbwa na kuoga kwake."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Pale Amman maji ya bomba huja mara moja kwa wiki, na siku ya mtaa wao ni Jumanne. Siku hiyo kila mtu yuko juu ya paa anajaza tangi, anafua mazulia, anaosha hata visivyochafuka. Na kila Jumanne bila kukosa Bi Wasfiya, mama yake Fawwaz, alikuwa akimpandisha Simsim huko juu kumwogesha. Beseni la bati, sabuni ya zeituni, kisha maji ya waridi kidogo nyuma ya masikio. Mwenyewe huvaa gauni lake jeusi lenye tarizi nyekundu, eti ndilo la kazi.

Daktari wa mifugo alishamweleza kwa upole kwamba mbwa kama huyu, mara moja kwa miezi miwili inamtosha, ukizidisha ngozi inakauka. Bi Wasfiya akamshukuru, akamwombea dua, na Jumanne iliyofuata akateka maji.

"Mama, daktari kasema miezi miwili," Fawwaz akamkumbusha.

"Daktari hajamnusa."

Shida ilikuwa jirani. Paa la Abu Lutfi limepakana na lao, katikati ni ukuta wa kufika kiunoni tu. Ni mwalimu mstaafu, mkewe alishafariki, na masikio yake siku hizi ni mazito. Kila Jumanne Fawwaz, akiwa chini, aliwasikia wakipigiana kelele huko juu.

"Huyo mbwa anaoga kuliko mimi," sauti ya Abu Lutfi.

"Inaonekana," sauti ya mama yake.

Na hivyo hivyo mpaka adhana ya adhuhuri.

Fawwaz hakuwa na ubavu wa kumkataza. Baba yake alipofariki, mama alikaa dirishani miezi na miezi, sahani inaingia chumbani na kutoka kama ilivyoingia. Siku Fawwaz alipomletea Simsim, akiwa bado kitoto cha mbwa cheupe, ndipo alipokula tena. Sasa anakula, anapika, na kuimba anaimba. Leo wazee wakisema mbwa aondoke, atarudi kwenye dirisha lile lile.

Na wiki hii mama alikuwa amezidi. Leo ni Alhamisi, na Simsim kaogeshwa tena, kwa maji ya kunywa.

"Wageni wakija wakute nyumba inanukia," alisema.

"Wageni gani, mama?"

"Wageni huja, mwanangu." Akaingia jikoni, akajifungia na mbwa wake.

Wazee wakaketi. Haji Mutlaq, mkubwa wao, katikati. Abu Lutfi karibu na mlango, ndevu zimechongwa, viatu vinang'aa, hamtazami mtu. Mshtaki kajipamba, Fawwaz akawaza. Ibtihal akaleta dele la kahawa na finjani, Fawwaz akammiminia Haji Mutlaq kwanza. Haji akapokea, akaiweka finjani chini bila kuigusa na mdomo. Wenzake nao wakaweka zao.

Mgeni akiweka kahawa chini ana haja, na hanywi mpaka apewe. Mwenyeji naye akishamwambia anywe, neno halirudi nyuma.

"Mwanangu Fawwaz," Haji akaanza, "jirani yako huyu kavumilia sana. Kila Jumanne anapanda, kila Jumanne anashuka hana usingizi. Na ni aibu, watu wazima kupigiana kelele juu ya paa, mtaa mzima unasikiliza. Sasa tumesema jambo hili liwekewe utaratibu, na kwa hiyo tumekuja kukuomba..."

Fawwaz akaona wakifika kwenye ombi, mbwa kaondoka.

"Haji, nisamehe kukukatiza. Simsim hatoki nyumba hii. Hilo moja msiniombe. Lakini ukiacha hilo, lolote lililowaleta mmelipata. Nyweni kahawa yenu."

Wazee wakatazamana.

"Lolote?" akauliza Haji. "Hutaki hata tulitaje?"

"La nini kulitaja? Nalijua. Mtaa mzima unalijua. Mmepewa, na kwa moyo mweupe."

"Wallahi sijaona mtoto kama huyu," mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake, akijifuta jicho. "Wangu wangenirushia viatu."

Finjani zikanyanyuliwa zote pamoja. Haji akafungua viganja, wakasoma Fatiha, na Fawwaz akaisoma kwa sauti kuwapita wote, moyo umekuwa mwepesi kama unyoya. Mara moja kwa miezi miwili, kama alivyosema daktari. Mama atanuna siku mbili tatu, kisha atazoea. Mbwa yupo.

Jikoni kikapigwa kigelegele kirefu cha kutetemesha vioo. Fawwaz akashangaa, tangu lini Ibtihal akajua kupiga vile? Akageuka. Ibtihal alikuwa amesimama mlangoni na dele lake, midomo imefungwa, macho yamemtoka.

Hapo Abu Lutfi akainuka, akamkumbatia Fawwaz kwa nguvu, akampigia kelele sikioni kama yuko juu ya paa:

"Ila hilo la mbwa tulitazame upya, mwanangu. Mama yako kaapa, bila Simsim haolewi."