Mhuri wa Kuwabara

Kitabu cha mtaa kilirudi kimefungwa kwenye ubao wa matangazo, ule wa kubebwa mkononi, ambao kila nyumba huugonga mhuri wa jina lake na kuupeleka kwa jirani. Fumie, aliyetaka nyumba zote kumi zisome kitabu kimoja, alipitisha kidole kwenye tarehe za mihuri. Siku moja. Siku moja. Watu waligonga tu wakapitisha, kama tangazo la takataka.

Nyumba ya saba peke yake ilikaa nacho siku ishirini, sehemu kubwa ya Juni. Mhuri ulisema Kuwabara, mwekundu, umenyooka.

Kuwabara alishazikwa Februari.

Fumie alivuka njia hadi nyumba ya nane. "Dada, huu mhuri kagonga nani?"

Jirani alijipangusa unga mikononi. "Mimi. Aliniachia huo mhuri na funguo za nyumba. Nafasi yake ikibaki wazi naona vibaya."

"Na hizi siku ishirini?"

"Si nilikuwa namsomea pale mbele ya picha yake. Macho yalishamwishia kitambo, hujui?"

Fumie alikigeuza kitabu mkononi.

"Mwisho wa hadithi hakuupenda," alisema jirani.